Milioni moja, kila kitu ndani

Tangaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo kwamba unatafuta gari, kisha kaa uone. Kabla chai haijapoa, binamu ameshauliza linakunywa mafuta kiasi gani, shemeji ametuma picha za gari la rafiki yake wa Thika "lililotunzwa sana", na mjomba mmoja, ambaye kila swali la maisha hulijibu kwa Probox, amejibu Probox. Nilingoja mtu aulize swali moja tu: atakayeshika usukani ni nani? Hakuna aliyeuliza.

Watakaoshika usukani ni wawili. Kifunguamimba wangu ni binti wa miaka 23, amepata kazi Upper Hill, Nairobi, na bado analala kwangu Kahawa Sukari. Mdogo wake wa kiume ana 19, anasomea Juja, na leseni yake hata haijapata mikunjo. Mimi ningelitumia gari hilo Jumamosi kwenda sokoni, na mara mojamoja kwenda ushago. Kwa hiyo gari moja, madereva wawili wachanga, na shilingi milioni moja, kila kitu ndani.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Watu wengi wakiwa na milioni moja hutafuta gari la milioni moja, na wengine wakikopa sacco hutafuta la milioni moja na laki mbili kwa sababu "utaongea na mwenyewe". Wakishalipa hawana hata hela ya mafuta ya giaboksi. Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba gari lenyewe halitazidi 850,000. Zinazobaki ni za bima, uhamisho, matairi, breki na lile jambo ambalo gari la mtumba halikosi kukuonyesha mwezi wa kwanza. Kwa dereva mchanga hizo pesa za baadaye zina uzito kuliko zile za kununulia, kwa sababu matairi mapya na breki nzima ndivyo vinavyomsimamisha siku lori likifunga breki ghafla mbele yake pale Githurai.

Nikaanza basi na dereva. Kila mwaka barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000, na hizo ni hesabu za NTSA wenyewe, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya. Dereva mchanga, hapa kwetu na kwingine kote, ana maadui watatu wanaojulikana: mwendo, usiku, na marafiki ndani ya gari. Ukiwaweka hao watatu mbele yako, orodha ya magari inajipunguza yenyewe.

La kwanza kutoka lilikuwa Mark X, na lilitoka kwa kelele. Kijana wangu alikuwa ameandaa hoja kama wakili. Ni Toyota, vipuri viko, viti ni vya ngozi, na bei imeshuka kweli. Sababu ya bei kushuka ndiyo iliyonitia shaka. Injini yake ni V6, ile ya 2500cc ina nguvu za farasi mia mbili na zaidi, na yanayosukuma gari ni magurudumu ya nyuma. Mwenye mkono mzoefu ataifurahia. Mpe kijana wa miaka 19, Ijumaa usiku, mvua imenyesha, Thika Road imefunguka mbele yake ikiwa na njia zake nne kila upande, halafu apite Subaru yenye ekzosi ya kubweka. Mimi naishi karibu na hiyo barabara. Nawasikia nikiwa kitandani. Subaru ya turbo nayo ikaondoka kwa mlango huohuo, bila mjadala.

Upande wa pili wa meza kulikuwa na Vitz na Passo, chaguo la mashangazi wote. Sina ubaya na Vitz. Ya 1000cc ukiwa mtu wa kuzunguka South B na mjini, inatosha na kubaki. Lakini ni gari la takriban tani moja, na wangu wangelipeleka Thika Road kila siku, mmoja kaskazini mmoja kusini, wakiwa wamebanwa kati ya basi na lori lenye mawe ya Ndarugo. Vitu viwili vikigongana, chepesi ndicho kinachorudi nyuma kwa nguvu, na aliye ndani yake anarudi nacho. Hapo ndipo niliposema nataka gari la wastani, lenye boneti ya kutosha mbele ya magoti ya mtoto wangu, hata kama litakunywa kidogo zaidi.

Kidogo kiasi gani? Tulipiga hesabu mezani. Kutoka kwetu hadi Upper Hill, kwenda na kurudi, chukulia kilomita 45, na siku 22 za kazi. Hiyo ni kama kilomita 1,000 kwa mwezi. Kagari ka 1000cc kakienda kilomita 16 kwa lita, na ka 1500cc kakienda 13, tofauti haifiki lita 15. Lita ikiwa shilingi 180 hivi, ni kama 2,600 kwa mwezi. EPRA, wale wanaopanga bei za mafuta, wakitangaza bei mpya tarehe 14 hesabu inasogea huku au kule, lakini haisogei mpaka ibadilishe uamuzi. Binti yangu alisema hiyo ni pesa ya chipsi za mwezi. Mafuta yana nafasi yake katika maswali ya gari. Ya nne, labda ya tano.

Kisha kuna magari ya watu saba. Sienta, Wish, Noah. Dada yangu alisisitiza sana hapa: gari la familia lazima liingize familia. Nami nilikataa kwa sababu hiyohiyo. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha jambo moja bila kuchoka, kwamba kijana akibeba vijana wenzake, hatari ya ajali inapanda, na inazidi kupanda kadiri wanavyoongezeka. Nchi kadhaa zimeweka hata sheria ya kupunguza abiria kwa wenye leseni mpya. Sasa mimi ninunue viti saba, nimpe mwanachuo? Hivyo viti vitajaa. Na nyanya yao akija kutoka ushago, atakaa mbele kwa heshima.

Baada ya hapo tukabaki na magari yasiyomvutia mtu yeyote: Axio, Allion, Premio ya 1500cc, Tiida, na Fielder kama ingepatikana kwa bei. Magari ya walimu wakuu. Niliridhika sana.

Lakini ndani ya kundi hilo kuna kitu nilichokitafuta kuliko vyote, na sijawahi kukiona kwenye tangazo lolote la Nairobi. Ni ule mfumo unaozuia gari lisiteleze. Toyota huuita VSC, Nissan VDC, Honda VSA, Mazda DSC. Kazi yake ni kuhisi kwamba gari linaelekea kusikoelekezwa na usukani, kisha kufunga breki ya gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini mpaka gari lirudi mstarini. Dereva mchanga hasa ndiye anayekata usukani ghafla anapomwona mtu wa bodaboda, kisha anaukata tena kurudi. Marekani iliufanya kuwa lazima kwa magari madogo yote mapya kufikia toleo la 2012. Japani ilianza na miundo mipya Oktoba 2012. Kabla ya hapo, magari mengi ya bei ya chini yaliuzwa nao kama nyongeza tu, kwa hiyo Axio mbili za mwaka mmoja zinaweza kufanana kama mapacha na moja isiwe nao.

Usimuulize broka. Kaa kwenye kiti cha dereva utafute kitufe chenye picha ya gari na mistari miwili ya kujipinda nyuma yake, mara nyingi kiko kushoto au kulia chini ya usukani. Au washa swichi bila kuwasha injini, uone kama taa yenye picha hiyo inawaka. Haipo? Songa mbele. Yadi zote za Ngong Road na Kiambu Road zimejaa Axio.

Kuhusu umri wa gari, namba inaweza kukudanganya. Namba za KDA zilianza 2020, na mtu akiona KD anadhani anaona gari jipya. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, maana yake la 2013 liliweza kuingia 2020 na kuvaa KDA bila kosa lolote. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye logibuku. Huo ndio wa kuongea nao bei.

Nilikwenda kutazama magari na fundi wetu, mtu wa Kariobangi Light, asiyependa maneno mengi. Tulizunguka yadi, tukaenda soko la magari la Jamhuri Jumapili, tukaenda pia kwa watu binafsi majumbani. Sharti lake lilikuwa moja: tufike mapema na tukute injini baridi. Akifika tu anaweka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, anamwangalia muuzaji kwa upole na kumwambia tutarudi. Injini iliyopashwa moto inaficha kuwaka kwa shida, inaficha mlio wa cheni, na inaficha moshi wa buluu wa dakika ya kwanza unaokwambia kwamba oili inaungua.

Kwenye yadi moja tulipata Allion ya fedha, safi mpaka inakutazama. Broka alikuwa kijana mchangamfu. "Madam, hii gari ni ya mama mmoja wa Lavington, alikuwa anaenda nayo kanisa tu." (Kama kina mama wa Lavington wangekuwa na magari yote wanayosemekana kuuza, Lavington isingekuwa na pa kuegesha.) Fundi aliomba ufunguo, akaketi, akauzungusha mpaka ON bila kuwasha. Akaniita nichungulie dashibodi. Taa zikawaka zote pamoja: injini, betri, oili, ABS, na ile nyekundu ya mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua, ambayo ni ya mifuko ya hewa. Tukasubiri. Ile ya mtu haikuzimika. Akawasha injini, na hapo ikazimika sekunde ileile pamoja na ya oili.

Nikaona ni vizuri, zote zimezimika. Fundi akatikisa kichwa. Taa ya mifuko ya hewa, akasema, hujipima yenyewe sekunde chache kisha huzimika hata kama hujawasha injini. Ikizimika pamoja na ya oili, kuna mtu ameunganisha waya wake na wa oili ili iigize. Akapitisha kidole kwenye kifuniko cha katikati ya usukani. Kilikuwa cheusi zaidi kidogo kuliko usukani wenyewe, na ukingo mmoja haukukaa sawa. Gari lilikuwa limegonga, mifuko imepasuka, na kilichorudishwa ni kifuniko tu. Broka akasema hizo ni mambo za umeme, zinatengenezwa. Fundi akamrudishia ufunguo. "Twende, mama."

Hata mifuko ikiwa ya kwake, bado kuna jambo la Takata. Hiyo ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine. Kemikali iliyotumika kuipulizia, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali chombo chake huweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa duniani. Gari lililotoka Japani kabla ya kuitikia mwito huo limekuja kwetu nalo vilevile. Kuangalia hakugharimu kitu: chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji kule Japani, itakwambia kama kuna kazi ambayo haikufanywa. Nilishangaa nilipogundua kwamba hakuna muuzaji hata mmoja kati ya tuliozungumza nao aliyewahi kulisikia jina hilo.

Jambo jingine ni maji. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mengi hapa Nairobi, na magari hayo hayakwenda mbinguni. Yalianikwa, yakapigwa manukato, yakarudi sokoni. Fungua buti, inua zulia, toa tairi la akiba, uangalie shimo lake. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho kabisa. Kule ndani ambako hakuna anayeosha, mstari wa tope huwa umebaki. Angalia skrubu za chini ya viti. Kiti hakishiki kutu kwa kukaliwa. Tuliona Tiida moja nzuri ya rangi ya maziwa, kila kitu shwari, na kwenye mkanda wa nyuma mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula.

Kisha kuna wasiwasi wa giaboksi. Magari mengi ya kundi hili yana giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na gia za hatua, na CVT nyingi zinazokufa Nairobi huwa zimeuawa. Zinataka mafuta yake maalumu, ya Nissan ni NS-2 au NS-3 kulingana na gari, ya Toyota nayo yana yake. Kuna mafundi wanaotia ATF, yale mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwa sababu ni rahisi na yako karibu, na gari linaendelea miezi kadhaa kabla ya kuanza kutetemeka. Ukilijaribu, tafuta mlima. Simama katikati, uachie breki, ukanyage taratibu. Likisitasita, au injini ikipiga kelele huku mwendo ukibaki nyuma, mshukuru mwenyewe uende zako. Kubadilisha CVT, hata ya mtumba wa Japani kutoka Kirinyaga Road, kutameza akiba yako yote.

Kilomita sizungumzii sana. Zinarudishwa, kila mtu anajua zinarudishwa. Raba ya pedali ya breki ikiwa imeisha upande mmoja, hilo si gari la kilomita 68,000. Kama muuzaji ana karatasi ya mnada wa Japani, isome: ina kilomita za siku ile na alama ya hali ya gari, na ukiona R au RA, lilitengenezwa baada ya ajali.

Tulilolichukua mwishowe ni Axio ya 2013, nyeupe, KDA, kutoka kwa mwalimu wa Ruiru aliyekuwa na faili ya risiti za service. Mkwaruzo mrefu mlango wa nyuma, redio ya Kijapani isiyoshika stesheni zetu nyingi, na kitufe cha VSC mahali pake. Alitaka 880,000, tukafika 830,000, mkwaruzo ukinisaidia kuongea. Nililipeleka pia AA, chama cha wenye magari, wakalikague, kwa sababu fundi wangu mwenyewe alisema macho manne ni bora.

Kabla ya kutoa hata shilingi nilitafuta rekodi ya gari kwenye eCitizen. Hapo ndipo utaona kama logibuku ina jina la benki, sacco au mkopeshaji kando ya jina la mwenyewe. Akikwambia "nimemaliza kulipa, wanachelewesha tu kuondoa", mwambie nitarudi wakiondoa. Uhamisho nao ulifanywa tukiwa tumeketi sebuleni kwake, yeye akianzisha kwenye simu yake nami nikikubali kwenye yangu, kisha ndipo salio likatumwa. Sheria inakupa siku 14 kubadilisha jina. Usizihitaji.

Wakala wa bima nilimpigia mapema, wakati bado tunachagua, na nakushauri ufanye hivyo. Bima ya mtu wa tatu ni nafuu lakini mtoto akigonga mti, mti na gari ni vyako. Bima kamili nayo, kampuni nyingi husita gari likizeeka, na sera nyingi zinakutoza kiasi cha ziada cha kubeba mwenyewe endapo aliyekuwa akiendesha ni kijana au ana leseni changa. Soma kifungu hicho, na uwaandikishe watoto wako kwa majina. Ya kwetu ilikuja 42,000. Matairi manne mapya 34,000. Yaliyokuwepo yalikuwa na meno ya kutosha, ila tarakimu nne za ubavuni zilisema 1116, wiki ya kumi na moja ya mwaka 2016, na raba ya umri huo hushika lami vibaya mvua ikinyesha. Service, mafuta sahihi ya giaboksi na breki za mbele, 40,000. Zilizobaki ziko sacco zikisubiri lile jambo.

Kijana wangu analalamika kwamba gari linafanana na teksi. Ni kweli. Juzi alikuwa amesimama nje ya duka kuu, mlango wa nyuma ukafunguka, mama mmoja akaingia na mifuko yake, akafunga mkanda na kusema, "Roysambu, sindio?"

Jioni tuliyokabidhiana funguo tulikaa tukapanga masharti. Mkwaruzo wowote unasemwa siku hiyohiyo na hakuna atakayegombezwa. Saa nne usiku gari liwe limeegeshwa. Simu inakaa kwenye droo ya mbele. Kwa miezi sita ya kwanza, mdogo abebe rafiki mmoja tu. Akataka watatu, akashuka wawili, akanipa hoja ya kugawana mafuta. Tukamalizia kwa mmoja, na dada yake hahesabiwi.